Mpelelezi Aliyevuka Daka: Uchambuzi wa Mare of Easttown

Assalam alaikum, hamjambo nyote mnaonitazama kutoka Lamu, Malindi, Mombasa, na nyinyi mlio ng'ambo mnaoniandikia usiku wa manane. Karibuni tena. Najua niliwaahidi uchambuzi wa ile spika ndogo. Utakuja, lakini leo spika ikae kando, kwa sababu nimemaliza Mare of Easttown kwa mara ya pili na nina mengi kifuani.

Ya juu juu mnayajua: ni tamthilia ya televisheni ya Marekani, ya kituo cha HBO, 2021, vipindi 7, mwigizaji mkuu Kate Winslet. Msichana mdogo aliye na mtoto mchanga anauawa, na Mare Sheehan, mpelelezi wa mji mdogo kule Pennsylvania, anatafuta muuaji. Muuaji simtaji. Mkimtaja huko kwenye maoni nafuta, msinilaumu.

Sasa nisikilizeni hapa. Kila nikisema napenda tamthilia za uhalifu zenye mpelelezi mwanamke, kuna mtu huniandikia, "Kwani tofauti ni nini? Upelelezi ni upelelezi." Tofauti ni mlango, ndugu yangu. Sisi wa Lamu tunaijua daka, kile kibaraza cha mawe cha mlangoni pa nyumba. Mgeni wa kiume, hata awe na cheo gani, atakaribishwa dakani, ataletewa kahawa, ataambiwa maneno ya dakani. Yale ya kweli yako ndani, yako jikoni, kule ambako mama mtu analia huku akichambua mchele. Mwanamke huyavuka yale mawe ya daka akaingia. Na Mare yuko hivyo hivyo. Anaingia nyumba za watu, anakaa kwenye meza ya jikoni, nao wanamjibu kama shoga yao, kabla hawajakumbuka kwamba ana beji kiunoni.

Siwezi kuwaonyesha video yenyewe, chaneli itafungiwa. Basi wacha niwahadithie kipindi cha kwanza, polepole, maana siri yote ya hii kazi imo humo.

Kinaanza alfajiri, simu inalia. Bibi mmoja wa mtaani anamwambia Mare kuna mtu alikuwa akichungulia mjukuu wake. Mare anamuuliza, kwa nini hukupiga kituoni? Bibi kampigia yeye, maana ndiye anayemwamini. Umeona? Hapo hatujaonyeshwa maiti, hatujaonyeshwa damu, na tayari tunajua huyu mwanamke hana saa ya kutoka kazini.

Kisha anamfukuza kijana mteja, yaani mtumiaji wa dawa za kulevya, ambaye ni ndugu wa rafiki yake. Anaruka ua, anaumia mguu. Hapa ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Tamthilia nyingine ingemfunga bendeji, na dakika mbili baadaye anapiga mateke. Mare anachechemea. Na akishagundua kwamba nyumba ya yule kijana imekatwa gesi ya kupashia joto, na kule ni baridi kali, anapiga simu ili irudishwe. Mtu aliyemkimbiza! Kwa sababu anamjua, anamjua dadake, na kesho watakutana tena njiani.

Halafu usiku... ngojeni, punda hawa wamepata shehena ya mawe, wapite kwanza. Haya. Usiku kuna sherehe ukumbini. Miaka 25 nyuma Mare alitia mpira kapuni, timu ya shule ikashinda, na mpaka leo mji unamwita shujaa kwa ajili ya ule mpira mmoja. Wachezaji wenzake wa zamani wanaitwa uwanjani, na mmoja wao ni Dawn. Bintiye Dawn amepotea mwaka mzima. Mare ndiye mwenye kesi, na hajampata. Tena Dawn amesema hadharani kwamba polisi wameshindwa. Basi hawa wawili wanasimama kwenye uwanja mmoja, watu wanapiga makofi, na wewe uliyekaa kwako huna pa kuweka macho. Hakuna aliyetoa bastola. Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko filamu yoyote ya risasi niliyoichambua hapa.

Na fikirieni mpelelezi wa hivyo hapa kwetu. Ukimkamata mtoto wa mtu wa mtaa wa Langoni asubuhi, jioni umekutana na mamake sokoni mbele ya Ngome, na vichochoro vyetu mnavijua, hakuna pa kupishana bila kuguswa bega. Matanga utakwenda au hutakwenda? Ukienda, utakaa na nani? Mare analipa gharama hiyo kila siku, na ndiyo maana kila anapouliza swali unahisi uzito wake.

Malaika si yeye. Kuna jambo moja baya sana analolifanya kwa kumng'ang'ania mjukuu wake, la kutumia kazi yake kumdhuru mwanamke mwenzake, nami lilinikasirisha. Bado linanikasirisha. Lakini tamthilia haimfichii, inamwadhibu.

Kate Winslet nampa heshima yake. Alisema kwenye mahojiano kwamba picha ya bango aliirudisha, kwa kuwa walikuwa wamemfuta mikunjo ya uso. Nywele hazijachanwa, jaketi ni lile lile, uso wa mtu asiyelala. Alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, na wenzake wawili, Julianne Nicholson na Evan Peters, wakapata pia. Huyo Nicholson anayecheza rafiki yake, Lori, kipindi cha mwisho mtafuteni leso mapema.

Sasa najua mashabiki wa Denmark mshaanza kuandika. Tamthilia yao Forbrydelsen, 2007, mpelelezi Sarah Lund na sweta lake. Ndiyo, naikubali! Msimu wa kwanza una vipindi 20, kila kipindi ni siku moja ya upelelezi, na wazazi wa marehemu wanapewa nafasi sawa na polisi. Kusema kweli, kwa upande wa msiba, Wadenmark wamewapita Wamarekani. Nikiendelea kuifikiria naona hata nafasi ya kwanza... hapana. Lund msiba anautazama, Mare yumo ndani yake. Mare anabaki juu, ila pengo ni jembamba kuliko nilivyodhani nilipoanza kurekodi.

Na ya kwetu je? Crime and Justice, 2021 hiyo hiyo, Sarah Hassan ni mpelelezi Makena, Nairobi. Sarah anaweza kazi, macho yake yanasema. Nilichokosa ni nyumbani kwa Makena. Nilitaka nimwone anapika, anagombana na mamake, anakwenda harusi. Waandishi wa Kenya, nawasihi, leteni mpelelezi mwanamke Pwani. Mleteni afande Mwamu, mwenyeji wa Lamu, anayewajua watu wote mpaka kijiji cha Shela. Mimi nitakaa mbele kabisa.

Mambo ya pesa: vipindi 7 vya kama saa moja moja vitakula bando, kwa hivyo tafuteni waifai ya mtu, au mshirikiane na binamu zenu akaunti ya familia pale inaporuhusiwa. Lafudhi yao ni nzito, ni ya kule kaunti ya Delaware, wekeni maandishi ya chini. Na mna matusi, mna mambo ya faragha. Usiitazame na wazazi sebuleni, wala watoto wasiwepo. Tena ina habari za kijana aliyejiua. Kama nyumbani kwenu msiba wa aina hiyo ungali mbichi, iache kwa sasa.

Alama zangu ni tisa kwa kumi. Ile moja nimeikata kwa sababu ya vipindi vya katikati, watu wa kushukiwa wanarundikana hadi wengine unawasahau.

Ijumaa baada ya Isha niko laivu, tuanze Delhi Crime, tamthilia ya India, ile ya mwigizaji Shefali Shah. Mlioitazama njooni na hoja. Ambaye hajajiunga na chaneli ajiunge, gonga kengele, na hapo chini niandikie mpelelezi mwanamke unayemkubali na tukio moja tu lililokufanya umkubali. Nasoma yote.