Ufuo wa watu wote wa Himbi, Goma: uzoefu wangu

Ni kichochoro kinachoshuka katikati ya kuta za parseli, yaani viwanja vya watu, kisha kipande kidogo cha kokoto nyeusi, na Ziwa Kivu mbele yako. Kiingilio hakuna, mamba hakuna. Kwa kuogelea naupenda kuliko fukwe za hoteli, ila saa ya kuja ina uzito wake.

Usije alfajiri, hata kama maji yametulia. Ukanda huu wa magharibi ya mji una mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kupitia nyufa za lava. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, na usiku usio na upepo hutuama mashimoni kama maji. Jua na upepo ndivyo vinavyoitawanya. Njoo kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamsha mawimbi. Ukiona mijusi au ndege wamekufa shimoni, usiiname, na mtoto usimlaze karibu. Aliyeanguka humo asifuatwe kwa kuinama, maana mwokoaji naye huanguka. Wapo wanaopima kwa kushusha mshumaa: ukizimika, ondoka. Usipozimika bado si salama, kwa kuwa gesi humdhuru mtu kabla ya kuzima moto.

Chini ni lava tupu. Vaa viatu vya soli ngumu. Maji yanafika kiunoni, hatua chache mbele mwamba unakatika ghafla. Ziwa hili lina kina kinachokaribia mita 480, kwa hiyo asiyejua kuogelea abaki panapoonekana miguu yake. Ukielekea katikati ya mji mawe ni makali zaidi: lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia ziwani huko Januari 2002.

Panapochotwa maji, usioge wala usifue. Bidoni ya lita 20 hutiwa klorini kwa sindano, ikasubiri nusu saa ndipo inyweke. Kipindupindu cha Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi waliokunywa maji ya ziwa hili, na ugonjwa huo haujatuacha.

Kinachoniumiza ni zile kuta za kichochoro. Zikisogea tena kidogo, mama mwenye bidoni mgongoni hatapishana na mwenzake, na watu wa mitaa ya juu watabaki wakiliangalia ziwa kwa mbali.