Prizimu ya kwatzi iliyopakwa dhahabu: plasmoni safi, ila kile kijani mh!

Nimekaa na hii prizimu mwezi na nusu hivi kwa hiyo naweza kuisema vizuri. Ni kristali ya kwatzi, upande mmoja umepakwa dhahabu ya nanomita 50, ule mpangilio wa Kretschmann wa tangu 1968, yaani mwanga unapita ndani ya prizimu na kuipiga dhahabu kwa nyuma.

Tuanze na plasmoni, hapa sina neno. Nilitumia leza nyekundu ya nanomita 633, nikaweka kikaratasi cheupe pale mwanga unapotokea nikawa nazungusha prizimu polepole, doa linang'aa tu linang'aa, kufika digrii 43 hivi linafifia mpaka unadhani leza imezimika, ukivuka kidogo linarudi kama kawa. Mwanga wote umenyakuliwa na elektroni za juu ya dhahabu, zinayumba pamoja kama wimbi, ndiyo plasmoni yenyewe, mpaka nguvu inaishia kuwa joto. Ukiihemea tu ile dhahabu doa linarudi kidogo halafu linafifia tena unyevu ukikauka, maana pembe ilisogea, nimecheza na hilo siku nzima sina haya kusema 😂 Mara ya kwanza nilihangaika nusu saa sioni kitu, kumbe polarizesheni, yaani uelekeo ambao mwanga unatikisika, nimeiweka ndivyo sivyo, nikageuza leza digrii 90 mambo yakakubali.

Sasa shida. Muuzaji anaisifia eti inafaa kwa hamoniki ya pili, yaani mwanga kutoka na urefu wa wimbi nusu ya ulioingia, unatia infraredi ya nanomita 1064 unapata kijani cha 532. Kijani kinatoka kweli, na ukiipata pembe ya plasmoni, kwa 1064 ni digrii 41 hivi, kinapanda vizuri tu. Nikatoka nje ya pembe nikitegemea kife, wapi, kimepungua lakini kipo! Ndo nikakumbuka kwatzi yenyewe inatoa hamoniki ya pili, si ndiyo mwanafizikia Franken na wenzake walimulika kwa leza ya rubi mwaka 1961? Dhahabu kwa ndani imepangika kwa ulinganifu, na ulinganifu huo unazuia hamoniki ya pili, kwa hiyo kijani chake kinatoka usoni tu na ni kiduchu, sasa ukiiwekea chini yake kristali yenye kelele zake utajuaje kipi cha nani. Wangepaka juu ya kioo cha kawaida ingekuwa nusu ya taabu, na sijui nani aliwashauri kwatzi.

Halafu pembeni dhahabu imeanza kubanduka, nahisi wamebania ile kromi ya nanomita mbili tatu inayowekwa chini ili ishike. Msiifute hata kwa karatasi ya lenzi, pulizeni hewa tu, na 1064 haionekani kwa macho kwa hiyo miwani ivaliwe.

Nyota 3. Kwa plasmoni peke yake ningetoa 5. Lile tundu jeusi katikati ni langu mwenyewe, nilisogeza lenzi nikitaka kijani zaidi nikaichoma, hilo siwakatii.