TAHADHARI: huyu "bingwa wa injini za kale" hapa Mombasa, msimpe gari la mzee wenu

Jamani wenye magari ya kale, na nyinyi ambao mzee wenu ana gari limelala chini ya turubai huko Majengo ama Tudor ama Kisauni, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Kuna jamaa ajitangaza mitandaoni ati ni bingwa wa kufufua injini za zamani, Ford T, Ford A, Austin za kabla ya vita, zote anaziweza. Gereji yake haitulii, mara iko Changamwe, mara ukiuliza washakwambia kahamia Mikindani. Picha anazoweka ni safi mno lakini ziangalieni vizuri, karibu zote usukani uko kushoto, na Ford T za huku kwetu zilikuwa zikiletwa na Ford ya Canada zikiwa na usukani kulia, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuzia makoloni ya Muingereza. Zile kazi ni za watu wengine, yeye ameziokota tu.

Ami yangu ana Ford T ya 1926, ilikuwa ya babake, na maharusi wengi wa mji huu wamepanda gari hilo. Injini ilikuwa yagonga kwa chini, beringi zimechoka. Jamaa akaja mpaka nyumbani kwa heshima zote, shikamoo mzee, akasikiliza, akasema kazi ni kumwaga babiti mpya (madini laini ya beringi), kutia pistoni za alumini na kusafisha magneto (kitoa umeme cha injini), bei laki mbili na nusu, nusu itangulie. Ami akatuma kwa M-Pesa na jina lililotokea halikuwa la yule mtu, akaambiwa ni la mke. Injini ikatolewa ikaenda, kisha zikaanza simu, gasketi imekwama bandarini, ushuru umepanda, mzee ongeza elfu kumi na tano, na kila mara namba nyengine jina jengine.

Ikarudi imepakwa rangi nyeusi yang'aa. Akaiwasha mbele ya watu, ikanguruma vizuri dakika chache, akapokea salio akaenda zake. Siku gari lilipotoka barabarani halikumaliza daraja la Nyali.

Tukaipeleka Shimanzi kwa fundi mzee ambaye maisha yake yote ni beringi za meli, akaifungua sote tukiwa tumesimama pale. Injini ya Ford T haina beringi za kununua dukani ukapachika, babiti yenyewe huyeyushwa ikamwagwa kwenye bloku na kwenye konrodi, vile vyuma viunganishavyo pistoni na krankshafti, halafu yachongwa na kukwanguliwa kwa mkono mpaka nafasi ibaki kama sehemu moja na nusu au mbili za elfu ya inchi. Babiti nzuri ni bati kwa wingi, na antimoni na shaba kidogo. Yule jamaa alimwaga madini ya risasi, fundi asema hiyo ni risasi ya betri kuukuu. Fundi alichukua kipande akakikwaruza kwenye bahasha kikaacha mstari wa kijivu kama penseli, na ukucha wazama. Risasi tupu haiwezi kuhimili kipigo cha pistoni, yapondeka, nafasi yapanuka, mgongano warudi mkubwa kuliko mwanzo. Ili tusisikie mapema alijaza oili nzito ya gia, na injini hii haina pampu ya oili, oili hurushwa tu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na kuteremka kwa kibomba chembamba kwenda mbele, kwa hivyo ikiwa nzito haifiki inakotakiwa. Na kwenye kile kibomba tulikuta nyuzi za silikoni zimeziba nusu. Geji ya presha ya oili haimo, mwenye gari hana namna ya kujua mpaka asikie kishindo.

Pistoni za alumini zilizolipiwa hazikuwepo. Fundi alisogeza sumaku ikanasa, zile zile za chuma za zamani zimepigwa msasa. Ufa wa bloku karibu na vali umejazwa gundi ikafunikwa na rangi.

Lakini kinachoniuma hasa ni magneto. Flaiwili ya Ford T hubeba sumaku 16 za umbo la V, ndizo zitoazo umeme wa zile koili nne za sanduku la mbao. Ya ami sasa hivi haina hata moja! Zimefunguliwa, na jamaa siku ile aliwasha kwa betri, kwa sababu swichi ina pande mbili, BAT na MAG, na upande wa betri injini hulia vizuri tu hata magneto ikiwa haipo. Kwa hivyo pesa amekula na vifaa orijino vya mwaka 1926 vilevile amevichukua, nami naamini hivyo vifaa ndivyo alivyokuwa akivitafuta tangu siku ile alipotoa shikamoo, wallahi.

Sasa, mtu yeyote akiwatengenezea injini hizi, mwambieni ageuze swichi iende MAG injini ikiwa yatembea. Ikizima, msilipe. Chini ya injini kuna kifuniko cha kukagulia, kifunguliwe muone beringi za konrodi kwa macho yenu. Kichwa cha silinda kina bolti 15 tu, mwenye kazi safi hatakataa kukifungua mbele yenu. Kabla injini haijatoka nyumbani pigeni picha namba iliyochongwa ubavu wa kushoto, juu ya mdomo wa maji, muilinganishe na logbuku, na ikirudi muitazame tena. Spea zote kuukuu zirudi, hata zilizovunjika. Pesa ziende kwa jina la mwenye gereji na risiti itoke. Na kazi ya babiti hapa Mombasa ipo, mafundi wa meli waijua toka zamani, hakuna haja ya mtu wa kwenye picha.

Ripoti tumeandikisha polisi na OB tunayo. Ukiona mtu auza sumaku za V za Ford, ama koili za sanduku la mbao, iwe Kongowea iwe mtandaoni, usinunue, piga picha uniletee. Na kama injini yako iko kwake sasa hivi, nenda leo ukaichukue, usiende peke yako, na uhesabu sumaku kabla hujaipakia.