Uzoefu wangu wa kuchagua lebo za maungo ya samaki katika hifadhi ya picha mtandaoni

Ninafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari mjini Kigoma, na picha nyingi ninazotumia darasani ni za samaki wa Ziwa Tanganyika: migebuka na kuhe wanaoshushwa mwaloni Kibirizi, pamoja na samaki wadogo wa miambani wa jamii ya sikilidi, ambao ni ndugu wa sato. Huzipakia kwenye hifadhi moja ya mtandaoni ambayo haimruhusu mtumiaji kubuni lebo zake, bali humtaka achague katika orodha ya maungo iliyokwisha kupangwa. Hifadhi hiyo inamfaa mwalimu, ila inamwachia mtumiaji maamuzi ambayo waendeshaji wake walipaswa kuyafanya.

Lebo zimepangwa kwa ngazi: chini ya "kichwa" kuna "kinywa", na chini ya "kinywa" kuna "taya" na "meno". Anayetafuta "kichwa" huletewa pia picha za ngazi za chini, lakini anayetafuta "meno" haioni picha iliyowekewa "kichwa" pekee. Kwa hiyo mimi huchagua kiungo kidogo kabisa ambacho picha ilipigwa ili kukionyesha, na lebo za juu hujifuata zenyewe. Wapo wanaorundika lebo zote kwa matumaini ya kutazamwa zaidi; kwa maoni yangu, wanamchosha bure anayetafuta.

Utaratibu huo unatosha kwa mgebuka. Kwa sikilidi hautoshi, kwa sababu samaki hao wana taya za aina mbili: za mbele, zinazokamata chakula, na nyingine ndani ya koromeo, zinazokisaga, ambazo asili yake ni mifupa ya matao ya matamvua. Je, picha ya taya hizo za koromeo iwekwe chini ya "taya" kwa kuangalia kazi, au chini ya "matamvua" kwa kuangalia asili? Katika orodha, matawi hayo mawili hayakutani popote. Hapa huweka lebo zote mbili bila kusita, kwani mwanafunzi anayesoma ulishaji atapita njia moja na anayesoma mageuko ya viumbe atapita nyingine. Mapezi hayana ugumu huo: ingawa mapezi ya tumboni ya sikilidi yamesogea mbele hadi karibu chini ya yale ya kifuani, pezi hubaki na jina lake popote lilipo.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye lebo za "kushoto" na "kulia". Katika ziwa letu yumo *Perissodus microlepis*, samaki anayekula magamba ya wenzake, ambaye kinywa chake kimepinda upande mmoja: aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Katika anatomia, upande huhesabiwa kwa mwili wa mnyama mwenyewe, lakini maelekezo ya hifadhi hayasemi hivyo, na baadhi ya wapakiaji wanahesabu kwa jicho la mtazamaji. Picha iliyopigwa kwa mbele hugeuka maana yake kabisa. Lebo hizo mbili nimeacha kuzitegemea. Upande ninauandika katika maelezo ya picha, nikitaja wazi kwamba ni wa samaki.