Zamunda ya Pili Haikunichekesha Kama ya Kwanza

Coming to America niliitazama mara ya kwanza nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga, katika kanda ya video iliyochakaa kiasi kwamba picha zilikuwa zikikatikakatika, na hadi leo naweza kuisimulia tukio baada ya tukio. Kwa hiyo Coming 2 America ilipotoka Machi 2021, nilitenga jioni nzima, nikawaita wadogo zangu wawili ambao hawakuwahi kuiona ile ya zamani, tukaketi kuitazama.

Haikuifikia, na naona tatizo liko kwenye kisa chenyewe. Filamu ya mwaka 1988 ilimchukua mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, ambaye hakuwahi hata kujiogesha, ikamtupa Queens, New York, ndani ya chumba duni, kisha ikamkabidhi ndoo na dekio katika mgahawa wa McDowell's. Akeem, aliyeigizwa na Eddie Murphy, anapiga deki kwa bashasha ya mtu aliyepewa zawadi, huku Semmi, yaani Arsenio Hall, akinuna pembeni. Nasi watazamaji tunajua jambo ambalo Lisa, binti wa mwenye mgahawa ambaye Akeem anampenda, halijui, na siri hiyo ndiyo inayokibeba kicheko mpaka mwisho.

Katika mwendelezo hakuna siri. Akeem ana mabinti watatu, sheria ya Zamunda hairuhusu mwanamke kurithi kiti, basi anamfuata Marekani Lavelle, mwana ambaye hakujua kuwa anaye. Kijana anafika ikulu, anafunzwa, anajaribiwa, na yote yanapita mbiombio bila kumwacha ahangaike na ugeni wake. Lililoniudhi zaidi ni namna mtoto huyo alivyopatikana: Akeem alileweshwa bangi hata asikumbuke usiku huo, na filamu inataka tulicheke jambo hilo. Mimi sikuweza.

Sisemi hakuna kizuri. Mavazi ya Ruth E. Carter yanapendeza mno, na Wesley Snipes, akiwa Jenerali Izzi wa nchi jirani, anaingia ikulu akicheza ngoma pamoja na askari wake, akawachekesha wadogo zangu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nililolipenda kupita yote ni tukio la Mirembe, kinyozi wa ikulu (jina ambalo kwa Waganda maana yake ni amani), akimnyoa Lavelle huku wakizungumzia sinema za Marekani. Lavelle analalamikia miendelezo ya filamu za zamani ambayo hakuna aliyeiomba, na Mirembe anakubali kwamba kitu kikishakuwa kizuri hakuna haja ya kukiharibu. Watu wawili, kiti kimoja, mazungumzo yasiyo na haraka: hapo ndipo nilipoiona tena ile filamu niliyoipenda.

Kesho yake niliwatafutia wadogo zangu ile ya kwanza. Akeem aliposhika dekio, mdogo wangu wa mwisho alinyanyuka akasogea karibu na runinga, na hakurudi kitini hadi ilipokwisha.