Mtungi jikoni au mtungi nje?

Kwa mgahawa wa Ngamiani, Tanga, unaopika kutwa, kazi si kuchagua gesi. Kazi ni kuamua mtungi ukae wapi.

Mtungi wa kilo 15 chini ya meza ni rahisi: mpira mfupi, na kuufunga ni kunyoosha mkono tu. Lakini gesi ya mtungi, mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Propani karibu mara 1.5, butani mara 2. Ikivuja haipandi dirishani, inatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la mpika chapati. Madirisha ya juu, ambayo wengi huyategemea, hayasaidii sana.

Mitungi ya kilo 38 nje, imesimama wima kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli, mbali na mtaro, bomba la chuma likiingilia ukutani: hiyo ni ghali, na fundi wa kubahatisha hafai. Hewa ya bahari nayo hula chuma, kwa hiyo viungo vipakwe maji ya sabuni mara kwa mara kutafuta uvujaji. Yakitoa mapovu, funga valvu kwanza, maswali baadaye.

Mimi ningelipa. Ila kwa banda la jiko moja, mtungi wa kilo 6 na mlango wazi unatosha, mradi mtungi wa akiba usilale humo.