TAHADHARI: Anauza difu za mbele "zenye loki ya hewa", lakini ndani zimechomelewa

Jamani, sikutaka kuandika. Wiki mbili nimekaa na hili moyoni kwa aibu, maana mnaonijua mnajua nilivyo: mimi ndiye huwa nawaambia wengine msinunue kitu ambacho hamjakifungua mkaona ndani. Na nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, macho nimeyakodoa, na mkono wangu mwenyewe uko kwenye tairi.

Naandika kwa sababu juzi nimeona huyo fundi aliyenipiga ametangaza nyingine. Picha ya pembe ileile, maneno yaleyale: difu ya mbele ya Land Cruiser 70, ina loki ya hewa, lete yako tubadilishane uongeze kidogo. Nina wasiwasi mkubwa kwamba hiyo anayoitangaza ni difu yangu mimi.

Kwa wageni: difu ni zile gia za kwenye ekseli zinazoyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti kwenye kona, na loki huzifunga yazunguke pamoja. Gari mnalijua, ni Land Cruiser HZJ75 lilelile, na nyuma lina loki tangu zamani. Kilichokuwa kimebaki ni mbele, na mnajua nimekuwa nikiitafuta tangu ile safari ya mto mkavu tuliyovutwa.

Niseme kwanza kwa nini nilimwamini, kwa sababu najua kuna watu watauliza. Huyu mtu anajua kazi. Siyo wale wanaokuuzia kitu hawajui kinafungwa wapi. Nilipompigia, swali lake la kwanza lilikuwa, "Difu yako ya nyuma ina uwiano gani?" Nikamwambia 4.11. Akasema usije ukafunga mbele uwiano tofauti na nyuma, ukiingiza 4x4 magurudumu yatavutana hadi uvunje transifa, lile sanduku la gia za 4x4. Ni kweli kabisa. Nilipofika gerejini kwake aliniwekea difu juu ya meza, akanihesabia meno mbele yangu huku ameshika chaki: krauni, gia kubwa, 37; pinioni, ile ndogo, 9. Gawanya mwenyewe, inakuja 4.11. Nikaona nimempata fundi.

Halafu kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonimaliza. Pembeni kulikuwa na winchi, nikaiulizia. Akakataa kuniuzia. "Hiyo ya kwako hapana, bro. Gari lako na hema la paa, na matangi ya maji, ni zito mno kwa winchi hii. Utaichoma mota." Mtu anayekataa hela yako utamshuku vipi? Leo ndiyo naelewa. Aliiacha hela ndogo ipite ili aje achukue kubwa.

Sasa sikilizeni alivyonifanyia majaribio, kwa sababu ni hapo nilipoliwa.

Alishaifunga difu kwenye gari. Mbele kukapigwa jeki, ekseli ikawekwa juu ya stendi mbili, magurudumu yako hewani. Habu zote mbili, vile vifundo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti za ekseli, kazigeuza LOCK. Kompresa ndogo kaifunga karibu na betri, mrija mwembamba wa buluu umeshuka hadi kwenye difu, umeingia kwenye tundu lililotobolewa vizuri. Ndani kaweka swichi yenye taa. Akaniambia nikae chini kwenye gurudumu la kushoto. Akabonyeza. Kompresa ikanguruma sekunde chache, ikakata yenyewe. Taa ikawaka. "Zungusha."

Nikazungusha. La kulia likaja na la kwangu, upande uleule, kwa pamoja, na propela shafti ikazunguka. Nilizungusha mara tatu, ya nne nikamwita dogo wake alishike la kulia. Nikavuta kwa nguvu, halikuteleza hata kidogo. Jamani nilifurahi. Nilisimama nikampa mkono.

Akabonyeza kuzima. Nikasikia ile sauti, psssss, ndefu, hewa inatoka. Nayo taa ikazimika. Nikainama nishike tairi tena, na kabla mkono haujafika akasema, "Subiri, dogo anataka stendi," na jeki ikaanza kushuka. Tairi likagusa ardhi. Akageuza habu kwenye FREE huku ananiambia niziache hivyo mpaka nifike porini, nisije nikala sivi jointi, kile kiungo cha shafti kinachopinda ukikata usukani, bure barabarani.

Ile pssss ndiyo iliyoniuza. Masikio yangu yaliambiwa loki imeachia, na mimi nikayaamini masikio. Sikuligusa gurudumu loki ikiwa imezimwa. Sekunde kumi tu! Difu isiyofungwa, ukizungusha gurudumu moja hewani, la pili linakwenda kinyume. Mtoto anajua. Mimi najua. Na sikugusa.

Na difu yangu nzima, isiyo na kasoro, nikaiacha pale kama sehemu ya malipo.

Wiki tatu nikaendesha bila dalili yoyote, na ndiyo sababu alichagua ya mbele. Ingekuwa ya nyuma ningejua kwenye kona ya kwanza, matairi yangelia. Mbele, habu zikiwa FREE, difu imelala tu, haizunguki, hata ungeijaza mawe usingehisi. Kulikuwa na siku moja tu niligeuza gari uani habu zikiwa LOCK kwa bahati mbaya, usukani ukawa mzito ajabu na matairi yakafanya kama yanakwaruza. Nikampigia. Akasema difu mpya lazima ijizoeze, oili bado nzito. Nikakubali. Nilitaka kukubali, huo ndio ukweli, maana safari ilikuwa imebaki siku nne.

Sasa ile safari. Tulikuwa sisi na watoto, gari moja. Mpando wa korongo, mawe makubwa kama meza, na juu kabisa kona kali ya kushoto imeegemea ukuta wa jiwe. Habu LOCK, gia nzito, namba moja, loki ya nyuma, loki ya mbele. Gari likapanda kama linapanda ngazi. Watoto wakapiga makofi. Nilimsifu yule mtu kwa sauti, mke wangu ni shahidi.

Tulipofika kwenye kona nikazima ya mbele ili nipate kukata usukani. Pssss. Usukani haukulainika. Nikajua loki halisi huwa inaweza kung'ang'ania ikiwa na mzigo, unarudi nyuma kidogo inaachia. Nikarudi nyuma kidogo. Nikabonyeza tena, nikazima tena, pssss, usukani ni ule ule, ninauvuta kwa mikono miwili na mguu umekanyaga sakafu. Nikaukata hadi mwisho, nikatia mafuta kidogo tu.

TAK. Kama gogo limepasuka chini ya miguu yangu.

Gari likaacha kupanda, likaanza kuteleza kwa ubavu. Nilikanyaga breki, likateleza bado, futi moja, mbili, mpaka gurudumu la nyuma likagonga jiwe likasimama. Upande wa mke wangu ilikuwa ni korongo. Watoto walikuwa wamenyamaza kimya. Sitaisahau ile sauti ya kutokusikia kitu. Tuliwatoa mmoja mmoja kupitia mlango wangu, mke wangu akaweka mawe nyuma ya magurudumu, ndipo mimi nikashuka na magoti yanatetemeka.

Sivi ya kushoto ilikuwa imevunjika, kengele yake imepasuka, na vipande vimejibana ndani ya nako, kile kichwa cha ekseli kinachogeuka na gurudumu, hata usukani haukugeuka kwenda kulia. Nililala chini ya lile gari usiku kucha na tochi ya kichwani na soketi ya 54 mm. Nashukuru huwa natembea nayo. Nikatoa habu, nikatoa spindo, nikaokota vipande kwenye grisi kimoja kimoja kama mtu anayeokota meno yake, nikachomoa shafti, tundu nikaliziba kwa kitambaa na nailoni ili oili ya difu isimwagike, nikarudisha habu tupu. Asubuhi tulishuka kinyumenyume na magurudumu mawili ya nyuma. Saa tatu kwa umbali ambao ungeutembea kwa dakika ishirini.

Nyumbani nikashusha difu, nikaifungua.

Hakuna loki. Hakuna pistoni, hakuna gia ya kufungia, hakuna sehemu ya kupokea hewa kwenye beringi. Kuna difu ya kawaida ambayo gia zake ndogo za ndani zimechomelewa pamoja, machozi ya weldi yamejaa kila upande, mengine yamekatika yako chini kwenye oili. Imefungwa daima. Swichi iwashwe, swichi izimwe, ni jiwe moja.

Na mrija wa buluu? Umeingia kwenye tundu kama sentimita mbili, umezibwa mwishoni, umezungushiwa silikoni. Kompresa ilikuwa inajaza hewa kwenye mrija usiokwenda popote, presha inapanda, inakata yenyewe, unaona kazi imekamilika. Ukizima, valvu inaachia ile hewa ya kwenye mrija. Ile pssss ilikuwa ni hewa ya mrija mtupu. Mtu amekaa akafikiri, akanunua kompresa ya kweli, valvu ya kweli, swichi ya kweli, ili anidanganye masikio.

Najua wapo wanaochomelea difu ya nyuma kwa makusudi kwenye magari ya michezo ya matope, na wanajua wanachofanya. Mbele ni jambo jingine. Mbele ndiko kunakokata usukani. Ukikata hadi mwisho, gurudumu la ndani na la nje yanataka mwendo tofauti, difu imekataa, sivi iko kwenye pembe yake mbaya kuliko zote, na gia nzito inazidisha nguvu ya injini. Lazima kitu kivunjike. Yeye aliyejua habari za uwiano wa meno hawezi kusema hakujua hili. Alijua kwamba itavunjika, na alijua itavunjikia mlimani, kwa sababu ndiko peke yake nitakapogeuza habu.

Nilimpigia. Mwanzo akasema nimetumia vibaya. Nikamtumia picha za weldi. Akasema hiyo siyo difu aliyonipa, nimebadilisha. Nikamwambia nataka difu yangu. Akasema ilishauzwa. Kisha namba haikupatikana tena. Nikaenda gerejini, mlango una kufuli, jirani yake akaniambia mimi ni wa tatu kuja kumuulizia mwezi ule. Wa tatu! Kwa nini hao wawili hawakuandika mahali? Nawauliza kwa uchungu, siwalaumu, aibu naijua sasa.

Huyu mtu afungwe. Siongei habari ya hela, hela nitatafuta. Aliweka bomu chini ya watoto wangu akanipa mkono akanitakia safari njema. Anyang'anywe mashine yake ya kuchomelea, anyang'anywe gereji, asiguse gari la mtu maisha yake yote. Na yule dogo aliyeshika gurudumu la kulia, naye alijua, aliangalia chini muda wote nikadhani ni heshima. Jina silitaji hapa kwa sababu lipo kwenye maelezo niliyoandikisha polisi na sitaki aje kupata pa kutokea. Waliowahi kufika kwake wameshamjua: winchi pembeni, chaki, meno 37.

Najua mtaniuliza dalili nilizopuuza. Hakufungua ndani, alinionyesha meno ya krauni tu, huku katikati kumefunikwa na kivuli cha mkono wake. Hakuwa na namba yoyote ya kifaa wala karatasi. Silikoni ilikuwa mbichi inanuka. Aling'ang'ania kubaki na difu yangu, hakutaka hata niichukue na nimwongezee hela. Na alikuwa na haraka na ile jeki. Yote haya niliyaona. Laiti ningeshika tairi baada ya kuzima, swichi OFF, habu LOCK, magurudumu hewani! Kama la pili halikwenda kinyume, ondokeni hapo na gari lenu.

Kama kuna aliyefungiwa difu ya mbele na mtu wa aina hii miezi ya karibuni, usisubiri. Leo jioni piga jeki ujaribu hivyo. Kama umeshasafiri na unasomea hii porini, zigeuze habu FREE sasa hivi, zote mbili, na rudi kwa magurudumu ya nyuma, hata kama ni kwa njia ndefu.

Difu iliyochomelewa ninayo, imelala sakafuni pamoja na sivi iliyopasuka na ule mrija wa buluu. Siioshi wala siiuzi, ni ushahidi. Wale wawili waliotangulia, nitafuteni tuwe watatu kwenye shauri moja. Na ukiletewa difu ya HZJ75, meno 37 kwa 9, yenye mkwaruzo wa patasi upande wa dereva, hiyo ni yangu. Niambie, kabla hajaitia weldi.